Kanga ya Kwenye Jalada

Vitabu vya siku hizi vyote vimevishwa katuni, na Bi Mgeni hazipendi. Ila jalada moja dukani lilimsimamisha. Mwanamke wa kuchorwa, macho kama ya bundi, anacheka, kajifunga kiunoni kanga yenye alama ya kuungua kwa pasi.

“Mchoraji kaitoa wapi kanga hii?”

“Huyu huchora majirani zake, mama,” muuzaji akajibu.

Kanga ile aliiunguza Bi Mgeni mwenyewe. Ilipotoweka, mumewe, Mzee Shomvi, aliapa imeibwa kwenye kamba ya kuanikia. Mwizi gani huyo, abebe kanga iliyoungua aache mashuka mapya?

Adhuhuri hakupika. Alikiweka kitabu alichokinunua kwenye sinia, akakifunika kawa.

“Leo kuna nini, mke wangu?”

“Kitoweo unachokijua mwenyewe, bwana. Karibu.”

Mzee Shomvi akanawa, akapiga bismillahi, akashika ukingo wa kawa.