Ukuta wa Jikoni

Fundi mwashi aliiachia meza, na kwa mara ya kwanza wiki ile sakafu haikumkimbia.

Asubuhi daktari alimlaza, akamgeuza kichwa huku na huku, akamweleza kwamba vijiwe vidogo vya ndani ya sikio vilikuwa vimehama mahali pake. Ndiyo maana dunia ilimzunguka kama pia. Sasa vilikuwa vimerudi.

"Nimepona, mke wangu!" alisema kwa furaha. "Kila kitu kimenyooka!"

Kila kitu, isipokuwa ukuta wa jikoni alioujenga kwa mikono yake mwenyewe. Miaka yote mkewe alilalamika kwamba umeinama, naye akimwapia kwamba ni macho yake tu.

Akachukua pima maji yake ya kupimia unyoofu wa kuta, akaiegemeza ukutani. Kile kiputo cha ndani ya kioo kikateleza polepole, kikaipita mistari ya katikati, kikaenda kujibanza pembeni kabisa.

"Haya, fundi," mkewe akasema nyuma yake, mikono kiunoni. "Inasemaje?"

Fundi akafumba macho, akaikumbatia meza kwa mikono miwili.

"Nishike, mke wangu! Kizunguzungu kimerudi!"