Andika Mimi

"Tiba ya uzazi bima yenu inalipa," alisema karani wa hospitali dirishani. "Nani anatibiwa?"

Mama, aliyejialika safari hiyo na kukalia kiti pekee, akamwelekezea mkwewe kidevu.

Fundi magari, mwana wa mama huyo, akamtazama mkewe. Mwanamke huyu alikifunga kibanda chake cha ushonaji, wateja wakiwa tele, akaenda kushona sare kiwandani, maana bima ya kiwanda hicho ndiyo pekee aliyoipata inayogharamia tiba hiyo. Mtaa ukamcheka, naye akashona tu. Hata alipoitwa mgumba alinyamaza, ilhali majibu ya daktari aliyajua vizuri. Ama kweli ana kifua!

Sasa alikuwa anafungua kinywa, na fundi alijua atasema nini. Angejitwisha tena mzigo usio wake.

Akaushika mkono wa mkewe. Ncha ya kidole ilikuwa ngumu kama kwato kwa kuchomwa na sindano.

"Andika mimi," alisema, kwa sauti ile ya kushindana na injini.

Foleni nzima ikageuka.

"Mwanangu, unasemaje?"

"Ni mimi, mama. Tangu mwanzo ni mimi."

Mama akainuka taratibu.

"Kaa, mwanangu," alimwambia mkwewe.