Ua la Mektilda

"Kata basi, dada," tulimwambia, lakini kisu kilitulia tu mkononi mwa Mektilda.

Ua lenyewe halikuzidi kimo cha kikombe, majani yake manene kama vidole vya mtoto mchanga. Marehemu mumewe alilitoa Bukene, akalipakata kwenye treni hadi Tabora. Sasa shina lilikuwa jeusi, teketeke.

"Nani kalimwagilia?" Mektilda alituuliza.

Hapo tukaumbuka. Kila Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa inasali kwake, na kila mmoja wetu, akiaga, alilitilia maji kidogo kwa huruma. Kumbe ua la aina ile likinyweshwa sana huoza.

"Mimi kidogo tu, mama."

"Na mimi kidogo."

"Jamani, mmeliua kwa ukarimu," alisema, wala hakucheka.

Alikata chini kutafuta palipo pazima, pakawa kahawia. Akapanda juu, kahawia tena. Kilibaki kichwa tu, kidogo kama kifungo cha gauni. Nacho kikiwa kimeoza, basi tena. Akavuta pumzi, akakata.

Tuliinama wote kwa pamoja. Ndani palikuwa kijani.

Mektilda alikifunika kile kichwa kiganjani kama kifaranga.

"Sasa tokeni nje wote," alisema taratibu. "Chai mtanywea uani."