Mashine ya Kupandia Mpunga

Chizuru alikuwa ameshachovya muhuri wake kwenye wino mwekundu, mkono uko juu ya karatasi ya kukana urithi, karani wa mahakama alipomuuliza swali la mwisho.

"Tangu mzee afariki, mama, umegusa chochote chake?"

Karatasi ile ndiyo ingemwokoa. Baba yake aliacha deni la kodi ya serikali, la miaka kumi na miwili, la kiwanda chake cha mbao. Chizuru asipoukana urithi huo, nyumba yake mwenyewe na kiduka chake cha tofu ya soya vingekwenda na maji.

"Mashine ya kupandia mpunga tu," Chizuru alisema, tena kwa fahari kidogo. "Niliiuza nikamlipa muuza sake, ile pombe ya mchele. Baba alikunywa kwa mkopo mpaka wiki ya mwisho. Ningepitaje mbele ya duka la watu?"

Karani aliweka kalamu chini. "Nani alikutuma?"

"Aibu, bwana karani."

"Ukiuza hata kijiko cha marehemu, sheria inasema umekubali kurithi. Na kodi imo humo humo." Aligeuka kutazama mlango, akapunguza sauti. "Pengine hukunisikia vizuri. Nakuuliza upya. Umegusa chochote?"

Chizuru alitazama kidole gumba chake. Wino wa muhuri ulikuwa umeingia mpaka ndani ya kucha.

"Nimeuza mashine," alisema. "Muuza sake alinishukuru mbele ya mtaa mzima."

Karani aliivuta ile karatasi taratibu.

"Basi ofisi ya kodi iko ng'ambo ya barabara, mama. Wanafunga saa kumi na moja."