Njia ya Kwenda Mtoni

Asubuhi baada ya mazishi ya dada niliamka mapema kwa mazoea ili nimtoe kitandani, nikakuta godoro lake limeshaanikwa nje. Nikavaa viatu, nikaenda msituni peke yangu.

Mwezi uliopita tulikwenda wote. Kibao cha msitu huo barabarani kilikuwa kimechorwa kiti cha magurudumu, na dada alipokiona alipiga kigelegele. Lakini langoni walikuwa wamesimika vyuma vya kuzuia pikipiki, na kiti chake kikakwama hapo hapo.

"Mbebe mgongoni, kaka," mlinzi alisema. "Kiti nitakilinda."

"Mimi si gunia la mkaa," dada akamjibu, kisha akanigeukia. "Turudi, mdogo wangu. Huko ndani ni mawe na mizizi tu. Kibao chao ni pambo."

Tulirudi tukiamini hivyo, na hilo lilipunguza uchungu.

Safari hii nilipenya kati ya vyuma kwa ubavu. Ng'ambo yake njia ilikuwa ya saruji, imesawazishwa kama sakafu ya sebule, bila ngazi hata moja. Mbao za kushikia ziliwekwa chini, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Mwishoni, juu kidogo ya maji ya mto, palichorwa mraba wa njano wa kuegesha kiti.

Niliinama nikaugusa. Rangi haikuwa na alama hata moja ya tairi.

Mlinzi alinifuata, akaniomba nisogee. Alisema siku hizi maharusi hupigia picha pale.