Tangi la Kichochoro

Siku hizi nyumba moja ikitoa mgonjwa wa malaria, jiji hufunga tangi la kichochoro kizima, kwa kuwa mbu wa mjini huzaliana matangini. Kwa hiyo Tausi alipomwona binti yake Rukaya anatetemeka, alimfunga khanga mbichi ili kipima-homa ambacho jiji limekiweka kila mlangoni kisimtambue.

"Subiri kidogo kabla ya kumpeleka zahanati, mwanangu," jirani yake, Bi Mwanaisha, alimsihi. "Tangi likifungwa, watoto wetu watakunywa nini?"

Tausi akasubiri. Kulipokucha Rukaya akashikwa na degedege. Mama yake akambeba mbio hadi zahanati, na kipimo kikasema malaria. Dawa ilimkuta mtoto yu hai, lakini hakumtambua tena mama yake.

Tausi aliporudi nyumbani kuchukua nguo, tangi lilikuwa limeshafungwa mnyororo. Hakuna aliyeitikia salamu yake. Wanawake walikuwa wakiburuta mapipa ya maji waliyoyaficha uvunguni mwa vitanda. Tausi akachungulia pipa la Bi Mwanaisha, akaona viluwiluwi vimejaa tele.

"Mbu wanazaliwa humu ndani! Yamwage, Bi Mwanaisha, nakuomba!"

"Nikiyamwaga, mjukuu wangu nimpikie uji kwa maji gani? Kwa mate?"

Tausi akaleta sufuria kutoka ndani kwake. Zahanati nako mabomba yalikuwa makavu, na midomo ya Rukaya ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Basi nichotee kidogo," alisema, "nikayachemshe."

Bi Mwanaisha akamchotea, kisha akalifunika pipa kwa gunia lililotoboka.