Ndege ya Saa Moja

"Shangazi, mke wangu yuko wapi? Stendi ya mabasi nimeizunguka yote."

Simuni, nyuma ya sauti ya mkwe, funguo zilikuwa zikilia, cheke, cheke. Ndiyo tabia yake, kuzizungusha kidoleni akikasirika.

Shangazi akawakonyeza majirani waliojaa sebuleni kumpokea binti wa kaka yake, aliyemtoroka mwanamume huyo alfajiri, mdomo umevimba.

"Basi gani, baba? Kapanda ndege ya saa moja. Sasa ni saa mbili. Rudi ukalale!"

Simu ikakatwa. Nyumba nzima ikaangua kicheko, chai ikaongezwa vikombeni.

Nusu saa baadaye, jirani mmoja akauliza, "Mbona mgeni kimya?"

Shangazi akapiga. "Umeshatua, mama?"

"Kutua wapi? Bado nimekaa uwanjani huku. Ndege ni saa tatu."

"Si uliniambia saa moja?"

"Mwendo wake, shangazi! Kilomita mia nne, saa moja tu angani."

Kikombe kikamponyoka, chai ya moto ikammwagikia miguuni, asiisikie. Kutoka stendi ya mabasi hadi uwanja wa ndege ni dakika kumi kwa gari, na saa ya ndege yeyote huweza kuiuliza.

"Inuka hapo! Kimbilia kwa askari, mwanangu, sasa hivi!"

"Kwani kuna nini?"

Shangazi akafungua mdomo ajibu. Nyuma ya sauti ya binti akasikia, taratibu, cheke, cheke.